Usiguse kasi kabla hujajua walikaa wapi

Weka fimbo ya kuongozea muziki chini kwanza. Umeandika kwamba onyesho la Nakuru uliloliongoza, kwaya na okestra, liligawa watu: nusu walisimama kupiga makofi, nusu wakasema umekimbiza muziki na umecheza dansi badala ya kuongoza. Jumamosi ijayo mnapeleka programu ileile Kisumu, na umeshaamua kuipunguza kasi ili wazee waridhike. Nilipofika hapo chai yangu ikapoa. Usipunguze. Mimi nilipunguza.

Walionitangulia kukujibu hapa wanakutia moyo kwa Klaus Mäkelä, mwongozaji wa okestra, eti hata yeye husemwa. Kweli husemwa. Kijana wa Helsinki, mzaliwa wa 1996, akapewa okestra ya Oslo 2020, ya Paris 2021, na kuanzia 2027 anakabidhiwa za Amsterdam na Chicago kwa pamoja. Wapo wanaotoka ukumbini wakiwa na machozi, wapo wanaotoka wakiuliza huyu kijana ana nini zaidi ya nywele. Lakini mnautumia mfano huo kusema "wenye wivu hawakosekani," na hilo halimsaidii mtu mwenye onyesho wiki ijayo. Tazameni anafanyia kazi wapi. Ukumbi wa Paris uliofunguliwa 2015 una viti pande zote za okestra. Ule wa Amsterdam, wa tangu 1888, una viti hata nyuma ya wachezaji, na mwongozaji huingia kwa kushuka ngazi katikati ya watu hao. Aliyekaa huko humwona Mäkelä usoni usiku mzima, na matarumbeta yako karibu naye kuliko vayolini. Aliyekaa upande wa pili anaona mgongo wa koti. Tiketi zao ni za usiku mmoja, muziki waliousikia si mmoja. Sasa niambieni, ni nani kati yenu aliyemuuliza mwenzetu huyu mwenye onyesho: waliolalamika Nakuru walikaa wapi?

Nami sikuuliza. Nilikuwa na kwaya ya muungano Kisumu, na okestra ya kuokoteza: vayolini za vijana wetu, selo (zile vayolini kubwa za sauti nzito) za kuazima, bendi ya matarumbeta ya kanisa jirani, na wapigaji wachache tuliowalipia nauli kutoka Nairobi. Usiku wa kwanza tulikuwa ndani ya kanisa kubwa pale mjini, sakafu ya saruji, paa juu mbinguni, kuta tupu. Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa Krismasi ambao kila Mkristo wa Nyanza ana kasi yake kichwani. Niliuchukua kwa midundo 96 kwa dakika. Mbele watu waliruka juu. Nyuma walipiga makofi ya adabu, yale ya mkutano wa chifu.

Usiku huo simu ikalia. Mwalimu mstaafu, mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya majaji wa tamasha za muziki za shule, na ambaye hupenda ulijue hilo kabla hujamsalimia. "Kijana, umekimbiza. Maneno hayakusikika. Ile ni ibada, si matatu ya Kondele." Mimi huyo: ndiyo mwalimu, asante mwalimu, nimekusikia mwalimu. Nilikuwa nimelelewa vizuri, ndilo tatizo. Nikashusha hadi 72. Nikawapigia viongozi wa sauti nikawaambia kesho Kakamega tunatulia. Mazoezi? Mazoezi yalikuwa ndani ya basi, mimi nimesimama nimeshika kiti, napiga hewa, nusu ya besi wamelala.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hakuna aliyeniambia hili. Kutoka 96 hadi 72 kila sentensi ya muziki inarefuka kwa theluthi. Mstari uliokuwa wa sekunde 9 unakuwa wa 12. Waimbaji wako wameweka alama za kupumua kwa penseli kwenye karatasi zao za solfa kwa ajili ya zile 9. Sekunde ya 10 soprano wanaanza kutazamana. Vayolini wamepanga upinde wao uishe pamoja na nota, sasa upinde umefika ncha na nota bado inadai. Wapiga matarumbeta midomo inatetemeka. Na juu ya yote hayo, mwili una kumbukumbu yake: ukiwafundisha watu kasi moja kwa miezi, simu ya usiku mmoja haiwezi kuifuta.

Tulifika ukurasa wa tatu. Wale wa tena, sauti ya juu ya wanaume, wakaingia kwa kasi ya jana. Si kwa ubishi, Mungu shahidi, miili yao tu iliamua. Alto wakawafuata hao kwa sababu ndivyo walivyozoea, besi wakanifuata mimi, na kijana wa timpani, zile ngoma kubwa, maskini, akachagua kutofuata mtu. Nilipunga mikono mpaka nikafanana na mtu anayefukuza nyuki. Nikasimamisha. Mbele ya ukumbi uliojaa. Nikageuka, nikatabasamu, nikasema "tuanze tena," na mtoto mmoja mstari wa mbele akauliza mama yake kwa sauti ya kufika Mumias kama tumekosea.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na dari ya chini, mapazia mazito na watu tele. Sauti ikitoka inakufa hapo hapo. Kwa kasi ya pole pole, kati ya nota na nota kulikuwa na mashimo. Ungetafuta ukumbi wa kufaa 96 yangu ya Kisumu, ungeupata ndio huo, na mimi ndipo nilipoiacha.

Mfadhili alikuwa amekaa mstari wa pili. Alikuwa ameahidi kutununulia selo mbili, ili tuache kuazima na kuomba. Baadaye akasema kwa upole kwamba "labda mwaka ujao mkishajipanga." Mwaka ujao huo bado unakuja. Na mwalimu wetu mstaafu? Kakamega hakufika. Aliposikia yaliyotokea alimwambia mtu, naye akaniletea neno bila kupunguza hata chumvi: "Nilijua hawajaiva." Mzee! Kasi ni yako, niliivaa kama koti la kuazima, halafu unanicheka kwamba halinitoshi! Nimemsamehe. Kwa kiasi.

Aliyenifumbua macho si mwanamuziki. Nilirudi kanisani Kisumu kurudisha viti, uso wa matanga, nikamkuta mama anayepokea watu mlango wa nyuma. Akaniambia, "Hao wa nyuma husema hivyo hata kwa mahubiri, mwalimu. Padri akiongea haraka kidogo hawashiki neno." Nikamuuliza mzee wetu alikuwa amekaa wapi usiku ule. Akacheka. Benchi la mwisho, chini ya roshani, ubavuni mwa nguzo, mlango umefunguliwa kwa sababu ya joto na bodaboda zinapakia nje.

Aliye mbele hupata sauti ikitoka moja kwa moja mdomoni mwa mwimbaji. Aliye mita 30 nyuma anaipata hiyo ikiwa imefifia, na juu yake inamwagika ile iliyogonga paa, ukuta na saruji. Nota ya pili inafika kabla mwangwi wa ya kwanza haujaisha. Yeye anaita hali hiyo "haraka". Hajadanganya, kwake ilikuwa uji. Lakini dawa yake haikuwa kupunguza kasi. Dawa ilikuwa kufupisha nota, kukaza konsonanti, kusogeza kwaya mbele itoke kule ndani ya tao la altare, na kukumbuka kwamba kanisa tupu la mazoezi lina mwangwi mwingi kuliko kanisa lenye watu, maana miili na nguo hunywa sauti. Hayo yote yangefanyika asubuhi moja.

Kwa hiyo, leo, kabla ya kuongea na mtu yeyote kuhusu kasi, chukua daftari uchore ukumbi wa Nakuru. Mlango, madirisha, nguzo, spika kama mlikuwa nazo, na mashabiki wako waliosimama. Kila aliyekupa maoni muulize alikaa wapi, weka alama hapo: msalaba kwa aliyelalamika, duara kwa aliyefurahi. Misalaba ikijazana upande mmoja, shida ni ya ukumbi, na kasi yako iache ilivyo. Ikiwa imetawanyika kila mahali, hapo ndipo uketi na kinara wa vayolini na viongozi wa sauti mjadili. Hata hapo, badiliko lolote lipitie mazoezi kamili, wote mkiwa pamoja, na alama za kupumua zifutwe ziandikwe upya. Kama hamna muda wa mazoezi hayo, hakuna badiliko.

Wale wa mtandaoni wanaosema unacheza hawana kiti kabisa, wana simu. Simu hujirekebishia sauti yenyewe: mliponong'ona inapandisha, mlipofunguka vifua inabana. Kule kupanda kwa sauti mlikokufanyia kazi mwezi mzima kunatoka bapa. Kilichobaki kwenye video ni mikono yako, na mikono bila sauti yake huonekana ya kichaa hata kama ni ya mwongozaji mashuhuri kama Dudamel. Usiwajibu. Au wajibu, mimi si mama yako.

Uliuliza pia urefu wa fimbo. Yoyote isiyomchoma jicho mpiga vayolini wa kwanza. Kuongoza bila nota mbele yako, kulikuwa na swali kama hilo? Ikiwa waimbaji wako nao hawajakariri, utakuwa unajionyesha peke yako. Swali la nne nimelisahau na sitarudi juu kulisoma, nina hasira bado.

Lakini kwa vile mnatoka baridi ya Nakuru: Kisumu ni joto. Nyuzi za vayolini hulegea na kushuka, filimbi na matarumbeta hupanda, mkajikuta mnavutana bila mtu kukosea. Linganisheni sauti upya watu wakishaingia, si saa kumi ukumbi ukiwa mtupu. Na jioni mvua ikianza kupiga mabati, simamisha, kaa kwenye kiti, ngoja ipite. Nimewahi kuona mwongozaji akishindana nayo kwa kuongeza sauti ya besi. Kabla hamjauliza, huyo hakuwa mimi.