Usiipe Diatomu Jina Kabla ya Kuhesabu Vitundu Vyake

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniandikia: "Mwalimu, orodha yangu ya spishi za Pseudo-nitzschia imerudishwa kwa mara ya pili. Nimekata tamaa." Hiyo ni jenasi ya diatomu, yaani viumbe vidogo vya majini vyenye seli moja na ganda gumu. Nilikumbuka barua niliyopata mimi miaka kadhaa iliyopita, ambayo mpaka leo ikinijia akilini huniuma.

Nilikuwa nimekusanya sampuli za maji ya bahari kwa miezi mingi. Chini ya hadubini ya kawaida niliona seli nyembamba kama sindano, kila moja ikiwa na kloroplasti mbili zilizokaa pande mbili za kiini, ncha ya seli moja ikilalia ncha ya jirani yake hata mnyororo mzima ukawa kama ngazi. Mistari ya ganda ilionekana wazi, nikaandika bila kusita: Pseudo-nitzschia pungens. Mhakiki aliuliza jambo moja tu, kama nilikuwa nimeviona vitundu. Sikuwa nimeviona, na makala yangu ikakataliwa.

Ganda la diatomu ni la silika, nalo lina nusu mbili, moja ikiifunika nyingine kama mfuniko wa kikasha. Katika jenasi hii mpasuko uitwao rafe haupiti katikati ya ganda bali ukingoni, ukishikiliwa kwa ndani na vidaraja vidogo vya silika. Mistari ile niliyojivunia kuiona ni safu za vitundu vidogo mno, na humo ndimo jina lilimojificha. P. pungens kwa kawaida huwa na safu mbili za vitundu katika kila mstari, hali P. multiseries huwa na tatu au nne za vitundu vidogo zaidi. Kwa hadubini ya kawaida spishi hizi mbili hufanana kabisa. Nilipochemsha sampuli katika asidi, nikaisuuza kwa maji safi mara nyingi na kuipeleka kwenye hadubini ya elektroni, nilihesabu safu nne. Nilikaa kimya mbele ya picha ile kwa muda mrefu.

Kosa hilo halikuwa dogo. Mwaka 1987, katika kisiwa cha Prince Edward nchini Kanada, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula kome waliojaa asidi ya domoiki, wengine wakapoteza kumbukumbu na watatu wakafariki. Aliyeizalisha sumu hiyo alikuwa huyuhuyu multiseries, ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa aina tu ndani ya spishi iliyoitwa Nitzschia pungens.

Usidhani kuchanganyikiwa ni kwako peke yako, ndugu yangu. Mtaalamu wa diatomu Peragallo aliianzisha jenasi hii mwaka 1900. Mwenzake katika fani, Hustedt, akaishusha mwaka 1958 iwe sehemu ya jenasi nyingine, Nitzschia. Kisha mtafiti Grethe Hasle, aliyezichunguza spishi zake kwa hadubini ya elektroni tangu miaka ya 1960, akairudishia hadhi ya jenasi mwaka 1994. Mimi humheshimu sana mama huyo, kwa sababu alirudi kwenye ganda lenyewe badala ya kubishana juu ya majina.

Kwa hiyo safisha kwa asidi. Pima upana wa ganda, kwa kuwa mikromita 3 ndizo zinazotenganisha makundi mawili ya spishi za jenasi hii, la seriata lenye maganda mapana zaidi na la delicatissima lenye membamba, lakini usiishie hapo: safisha, kisha hesabu. Tena usikubali kuharakishwa na mtu anayetaka orodha ndefu, maana anayesoma jina uliloliandika huenda ndiye anayeamua kama kome wavunwe au waachwe. Ukikosa hadubini ya elektroni, andika jina la jenasi peke yake na utetee uamuzi huo mbele ya yeyote.

Sampuli yako usiimwage. Gawa mara mbili, nusu ihifadhi, nusu itie katika asidi wiki hii, kisha uniandikie umehesabu safu ngapi.