Bastola ya kiunoni: anza na mkanda

Mtu akiniuliza anunue bastola gani, natazama kwanza mkanda aliovaa. Kuna wanaotoa mamilioni kununua silaha, halafu wanaichomeka kwenye kimkanda laini cha suruali ya kanisani. Saa sita mchana imeshalala upande, suruali inashuka, mkono hautulii kuipandisha, na Soko Kuu zima la Tabora linajua umebeba nini. Tafuta mkanda mnene wa ngozi, usiokunjika, ndipo tuongee bastola.

Leseni siijadili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo. Kama huna kibali, nenda polisi kwanza, makala haya utayakuta.

Nanunua ng'ombe minadani, Nzega na Igunga. (Siku hizi malipo mengi napitisha kwenye simu, na hilo limenilinda kuliko chuma chochote.) Kwa joto letu havaliwi koti, ni shati jepesi lililoachwa nje ya suruali. Hapo bastola ya Glock 19, yenye risasi 15 na inayotulia vizuri mkononi, inakusaliti ukiinama kukagua kwato. Kinachochungulia ni mpini, si mtutu. Ndiyo maana Glock 43X ya risasi 10, japo nyembamba, haikusaidii sana: mpini wake una urefu ule ule wa 19. Glock 43 ya kawaida inabeba 6 tu kwenye magazini na inaruka zaidi mkononi, lakini inajificha kweli. Mimi nimechagua hiyo. Bastola kubwa ya kuachwa nyumbani kila siku haina kazi.

Ukiuziwa Makarov kwa bei nafuu, ujue ni chuma cha gramu 730, na usidanganywe na ile namba tisa ya milimita: inatumia risasi za 9x18, hizi za 9x19 za Glock si zake.

Mfuko wa kuvalia bastola kwenye mkanda ndio wa kuumiza kichwa. Lazima ufunike triga yote, na mdomo ubaki wazi ukishaichomoa. Glock haina sefti (kizuizi cha kuifanya isilie) ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti ya nje iko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo pindo la shati likinasa humo wakati unairudisha, inaweza kulia. Inua shati, tazama, irudishe taratibu, hakuna anayekukimbiza. Fundi viatu mzuri anaweza kukushonea mfuko wa ngozi, ila mwambie mdomo aufanye mgumu usijifunge, na ukishalainika kwa jasho utupe. Mfuko wa suruali wenye funguo na chenji, hapana kabisa. Baa pia hapana, hata kama ni soda tu.

Kama unapanda bodaboda, usiiweke nyuma ya kiuno. Ukiinama mbele shati linapanda, na wa nyuma yako anaiona yote.

Jioni ifute jasho, tone la mafuta, kisha iingie kwenye sefu yenye ufunguo unaokaa nao wewe, si juu ya kabati. Na wale wanaoitoa risasi kwenye chemba (pale inapokaa tayari kupigwa) kila usiku na kuirudisha ile ile asubuhi: kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na presha ya baruti ikilipuka inapanda kupita kiasi. Ikishazungushwa mara kadhaa itenge. Ukiona imefupika kuliko wenzake, usiipige kabisa.