Nyusi za Mona Lisa zilienda wapi? Na maswali yenu mengine

Maswali ya Mona Lisa yamenijaa mpaka nimeona niyajibu yote leo niyamalize. Karibu yote yanauliza kitu kimoja tu, kuna nini kimeondolewa kwenye ile picha na nani kakiondoa. Kwa ambaye anaisikia tu juu juu, ni picha ya mwanamke, Lisa del Giocondo, aliyoianza mchoraji Leonardo da Vinci kule Florence, Italia, karibu mwaka 1503, rangi ya mafuta juu ya ubao, sentimita 77 kwa 53 hivi, sasa hivi iko makumbusho ya Louvre, Paris. Ni ndogo jamani, waliofika wengi wanasema walitegemea litu likubwa.

Dada mmoja wa Tanga: Mbona yule mama hana nyusi? Alitinda zote au mchoraji alisahau?

Dada yangu, hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote na watu wengi wanalijibu haraka sana. Jibu la haraka ni kwamba ilikuwa fasheni, wanawake wa Florence wenye uwezo walikuwa wanang'oa nywele za mbele ili paji la uso lionekane pana, na nyusi nazo wanazipunguza. Ni kweli fasheni hiyo ilikuwepo, na sisi wa saluni za leo hatuna haki ya kumcheka mtu. Lakini shida inakuja hapa, mwaka 1550 Giorgio Vasari aliandika kitabu cha maisha ya wachoraji na humo kaisifia Mona Lisa kwa kope na nyusi zake, anaeleza vile nywele zinavyotoka kwenye ngozi, pengine nyingi pengine chache. Sasa mtu anasifiaje kitu ambacho hakipo?

Ila ngoja kwanza. Vasari kazaliwa 1511, na Leonardo alihamia Ufaransa 1516, akafia hukohuko 1519 na picha ikabaki huko. Yaani picha inaondoka Italia shahidi wetu ana miaka mitano! Inaaminika hakuwahi kuiona kwa macho yake, alisimuliwa. Kwa hiyo shahidi mkubwa wa nyusi ni mtu wa kusikia, mimi peke yake nisingemtegemea.

Kilichonibadilisha mawazo ni vitu viwili. Cha kwanza, injinia Mfaransa anaitwa Pascal Cotte aliipiga ile picha kwa kamera kali sana mwaka 2004, inayoona mpaka mwanga ambao jicho halioni, na 2007 akatangaza kaona alama ya unywele mmoja juu ya jicho la kushoto. Mmoja tu. Cha pili ni nakala iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid, ambayo miaka mingi ilionekana ya kawaida tu kwa sababu nyuma ya yule mama palipakwa rangi nyeusi tii, walipokuja kuisafisha na kutangaza mwaka 2012 wakakuta chini ya weusi kuna milima na mto vilevile kama ya Paris, na marekebisho ya chini ya rangi yanafuatana na ya Leonardo, maana yake ilichorwa karakana moja na mwanafunzi aliyekuwa anamfuata Leonardo hatua kwa hatua. Na huyo wa Madrid ana nyusi!

Kwa hiyo mimi naegemea hivi: zilikuwepo, nyembamba, zikachorwa mwisho kabisa juu ya rangi iliyokauka, na kitu cha juu kabisa ndo cha kwanza kuondoka mtu akija kufuta vanishi. Fundi yeyote wa kupaka nyumba atakwambia, koti la mwisho ndo linakula kila kitu. Na Leonardo makoti yake yalikuwa mepesi kupita kiasi, mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walipima kwa eksirei nyuso alizochora wakakuta tabaka nyingine ni za mikroni moja au mbili (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hata akizirundika nyingi haizidi mikroni 40, kama nusu ya unene wa unywele hivi. Huo ndo ufundi unaoitwa sfumato, kama moshi, huoni kivuli kinaanzia wapi. Kwa rangi nyembamba namna hiyo wala hahitajiki mwizi wa nyusi.

Msomaji wa Nakuru: Nimeona video inasema picha ilikatwa pembeni nguzo zikatupwa. Ni kweli?

Hapana, ingawa naelewa wazo limetoka wapi. Ukiangalia kushoto na kulia kwa mabega yake kuna vitako vya nguzo, vimejitokeza kidogo tu, yaani amekaa barazani na nguzo zenyewe ziko nje ya picha. Halafu kuna nakala za zamani na mchoro wa kalamu wa mchoraji Raphael wa karibu 1505 ambao nguzo zinaonekana nzima. Ndo watu wakajumlisha, basi ya Paris itakuwa imepigwa msumeno.

Ile picha ilitolewa kwenye fremu 2004 ikakaguliwa na wataalamu. Chukua mkate uliopakwa siagi ukate ukingo, siagi itafika mpaka pale kisu kilipopita, si ndiyo? Sasa kwenye ubao wa Mona Lisa rangi haifiki mwisho, inaishia kabla, inaacha ubao mtupu pande zote, na pale inapoishia kuna kituta kidogo cha rangi kilichokauka. Hakuna kisu kilichopita hapo. Raphael alikuwa kijana fundi, alichukua alichokipenda akaongeza nguzo zake, wachoraji ndo zao.

Huyohuyo wa Nakuru: Basi hakuna picha ya Leonardo iliyokatwa?

Ipo! Na huwa nashangaa haisemwi. Ni ya binti anaitwa Ginevra de' Benci, iko National Gallery of Art, Washington, waliinunua 1967. Leo ni karibu mraba, binti anaishia kifuani, mikono hakuna. Ukigeuza ubao nyuma kuna tawi la mlaurusi na la mtende vinazunguka kijitawi cha mreteni, na mreteni kwa Kiitaliano ni ginepro, wanachezea jina lake, sasa yale matawi yamekatwa vibaya chini, hayamalizii. Hapo ndo unajua kipande cha chini kiliondoka. Kule Windsor, Uingereza, kuna mchoro wa Leonardo wa mikono ya mwanamke na wengi wanadhani ilikuwa ya kujiandaa kwa picha hii. Anayetaka kulilia kitu kilichopotea aende kwa Ginevra, Mona Lisa mikono yake ipo mizuri tu.

Mama mmoja wa Dodoma: Mwanangu, huyo ni mke wa tajiri, mbona hana hata pete?

Shikamoo mama. Kweli, hana pete, hana mkufu, hana hereni, na mumewe Francesco del Giocondo alikuwa mfanyabiashara wa hariri, si mtu wa kukosa hela ya dhahabu. Ila kuna kitu amevaa ambacho macho yetu hayakioni vizuri kwa sababu vanishi imekuwa ya njano na giza. Wataalamu walipoipiga picha kwa mwanga wa infraredi 2004 ukaonekana mtandio mwepesi kama wavu juu ya gauni, na mtaalamu Mfaransa Bruno Mottin akasema vazi la aina hiyo lilivaliwa na wajawazito na waliotoka kujifungua. Na yule Lisa alijifungua mtoto wa kiume Desemba 1502. Kwa hiyo mama, inawezekana kabisa unamuangalia mzazi, na mzazi na vito wapi na wapi.

Picha haina jina wala tarehe, nani kasema ni Lisa? (Huyu kaandika hivyo tu bila salamu, tumsamehe.)

Leonardo hakusaini kweli. Miaka na miaka walikuwa wanamtegemea Vasari yuleyule wa kusikia, ndo maana kila mtu alileta mwanamke wake, mara malkia fulani, mara mama yake Leonardo, mara Leonardo mwenyewe kavaa gauni. Mpaka 2005 huko Ujerumani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, mtaalamu mmoja anapitia kitabu cha zamani cha barua za Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, akakuta pembeni mwa ukurasa mwenye kitabu ameandika kwa mkono. Huyo mwenye kitabu ni Agostino Vespucci, karani wa serikali ya Florence, na Oktoba 1503 aliandika kwamba Leonardo anachora kichwa cha Lisa del Giocondo. Mtu anasoma zake kitabu anachorachora pembeni, miaka 500 baadaye ndo ushahidi bora tulionao.

Na zile herufi za siri ndani ya macho?

Alizitangaza Mwitaliano Silvano Vinceti 2010. Louvre wakasema wameikagua kwenye maabara hawakuona herufi yoyote. Rangi ya miaka 500 imejaa nyufa, ukivuta picha kwenye simu mpaka mwisho utaona L, utaona S, utaona hata jina la shemeji yako.

Swali la mwisho, kijana wa Bujumbura: Iliyoibiwa na iliyorudi ni ileile?

Ndiyo. Iliibiwa tarehe 21 Agosti 1911 na Vincenzo Peruggia, Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi ya vioo palepale Louvre, akakaa nayo chumbani kwake Paris zaidi ya miaka miwili, polisi walimpitia wasiione. Desemba 1913 akaipeleka Florence kuiuza akakamatwa, na waliokagua waliangalia alama za Louvre nyuma ya ubao. Nyufa zake pia ni kama alama za vidole, huwezi kuzikopi ukapatia zote.

Kilichopungua kwa uhakika ni kidogo sana na kimetokea baadaye, Desemba 1956 mtu aliirushia jiwe, kipande cha rangi kikang'oka karibu na kiwiko cha kushoto, wakakipaka upya na siku hizi ipo nyuma ya kioo kisichopitisha risasi. Ila kuhusu ule wizi kuna kitu sikukiamini niliposoma mara ya kwanza: Louvre ilipofunguliwa tena baada ya picha kuibiwa, watu walipanga foleni, kweli foleni, wakaingia, wakasimama, wakaangalia ukuta mtupu na misumari iliyobaki.