Re: Fizi imeshuka, nimeambiwa "Miller 3". Je, upasuaji utafunika mzizi wote?
Habari mkuu, pole. Unauliza kama kupandikiza nyama ya kaakaa kutafunika mzizi wote wa jino lako la chonge, kwa vile daktari ameandika Miller daraja la 3 (Miller ni mfumo wa kupanga fizi iliyoshuka kwa madaraja manne).

Kwa wagonjwa ninaowaona kwenye kiti, urefu wa mzizi ulio wazi unatisha, ila siyo unaoamua. Angalia kwanza kati ya jino na jino: kile kipembe cha fizi kimejaa, au pana upenyo mweusi? Ndipo Miller (1985) alipotazama. Daraja la 1 na la 2, mfupa wa kati ya jino na jino ni mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote. La 3 umepungua (au jino limekaa upande), tarajia sehemu tu. La 4, usitegemee.

Siku hizi wengi tunatumia mfumo wa Cairo wa 2011, wenye aina tatu za fizi iliyoshuka: RT1 (kati ya jino na jino hakuna upungufu), RT2 (upo, ila hauzidi ule wa upande wa nje wa jino) na RT3 (unauzidi). Muulize daktari wako: "Yangu ni RT2 au RT3?" RT2 bado ina matumaini, hasa upungufu wa katikati ukiwa mdogo. Bila kukupima fizi siwezi kukuambia ni ipi.

Na kama unavuta sigara au fizi zinatoa damu ukipiga mswaki, hilo litangulie. Usipangiwe kisu kabla.