Usihesabu Hela, Tazama Anachofanya Akishaliwa

Wiki hii mmeuliza: utamjuaje mtu ambaye kamari si burudani kwake tena, imeshamshika? Wengi watakimbilia kiasi cha hela. Kwangu mimi hicho ni kipimo dhaifu. Mwenye nacho anaweza kutia dau zito akalala usingizi wake, na asiye nacho akaangamia kwa vidau vya sarafu. Tazama anachofanya akishaliwa, yaani akishapoteza dau.

Anayejifurahisha akiliwa husonya, yakaisha. Aliyeshikwa hurudi siku ileile, au kesho yake, “kurudisha hela yangu”. Chukua mchezo unaolipa mara mbili ya dau. Anaanza na 100, akiliwa anaweka 200, kisha 400, akiamini ushindi mmoja utafuta hasara yote. Akiliwa mara saba mfululizo ameshapoteza 12,700, na dau la nane ni 12,800. Likiingia, faida ya jasho lote hilo ni 100.

Akikubali kukuonyesha taarifa ya miamala yake, ya miezi mitatu hivi, usianze na jumla. Anza na saa. Miamala minne au mitano ndani ya nusu saa, usiku wa manane, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia na wa mwisho ukikomba salio: huyo alikuwa anafukuzia hasara. Kisha angalia kinachoingia. Je, kuna mikopo midogomidogo, wa pili ukilipa wa kwanza? Na akishinda, hela hutoka ikafika nyumbani, au hubaki kwenye akaunti ya kubeti mpaka iishe? Hili la mwisho watu hulipita tu, nami naliona ni dalili nzito.

Sikiliza pia maneno yake. “Mkeka umechanika kwa mechi moja tu” humfanya ajione fundi aliyekaribia. Mkeka ni tiketi moja ya kubashiri mechi kadhaa, na zote lazima ziingie. Hesabu inasema vingine. Mkeka wa mechi 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 70, hushinda wote kama mara 3 katika 100. Kukosa kwa mechi moja hutokea kama mara 12. Yaani “kukaribia” hutokea mara nyingi kuliko kushinda kwa mkeka wa namna hiyo, wala si dalili kwamba zamu yake inakuja.

Wataalamu wana kipimo kifupi cha maswali mawili. Umewahi kujisikia unalazimika kuongeza dau zaidi na zaidi? Umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? “Ndiyo” moja inatosha kumpeleka kwenye uchunguzi kamili. Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, ambao madaktari wa akili hutumia kutambua magonjwa ya akili, ulioiweka kamari kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, unataja dalili 9. Zikitimia 4 ndani ya miezi 12, huo ni ugonjwa. Miongoni mwake ni kuhangaika na kuwa mkali akijaribu kupunguza, kucheza ili kuzima huzuni, na kutegemea wengine wamtoe kwenye deni.

Hapo kwenye deni ndipo ndugu wanapokosea. Wanachanga, wanamkabidhi hela, naye anapata pumzi ya kukopa upya. Kama ni lazima kulipa, kwanza aandike madeni yote kwenye karatasi, na aombe kampuni anazobetia zimfungie akaunti. Kisha mlipeni mdai mwenyewe, hela isipite mkononi mwake. Mazungumzo yafanyeni asubuhi akiwa ametulia. Dakika kumi baada ya kuliwa mtaambulia ugomvi tu.

Kama tabia imezuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kucheza, ulizia dawa anazotumia. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka mwili), pramipexole mojawapo, zinajulikana kuamsha hamu ya kamari. Asiziache mwenyewe; amwambie daktari aliyemwandikia.

Na akianza kusema kwamba nyumbani mngekuwa na nafuu bila yeye, acheni habari za hela. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.