Mawe hai ya Namibia: ndugu wa tunda moja wasiofanana

*Nilipanda mbegu za Lithops karasmontana, mmojawapo wa mimea ya majani manene iitwayo mawe hai kwa kufanana na kokoto, zote za tunda moja. Mche mmoja umetoka wa kijivu, wa pili kahawia, wa tatu una michirizi myekundu. Nimeuziwa mchanganyiko?*

Rangi pekee haithibitishi hilo. Ua la mmea huu halishiki mbegu kwa chavua yake lenyewe. Lazima iletwe kutoka kwa mmea mwingine, kwa hiyo kila mbegu ina urithi wake. Hata kwao, kusini mwa Namibia, wa kijivu na wa rangi ya tofali huota kundi moja. Hiyo michirizi myekundu wakuzaji wameipenda hadi wakaichagua kizazi baada ya kizazi; ndiyo wanayoiita ‘Top Red’.

*Lebo yangu inasema Lithops bella. Rafiki anasema jina hilo limefutwa.*

Halijafutwa, limeshushwa cheo. Zamani bella na eberlanzii zilihesabiwa spishi kamili. Desmond Cole, aliyezunguka na mkewe Naureen kukagua mawe hai yakiwa porini, akaziweka zote mbili chini ya karasmontana kama nususpishi, yaani mafungu madogo ndani ya spishi moja. Inanifurahisha kwamba Cole alikuwa profesa wa lugha za Kibantu, mwandishi wa sarufi ya Kitswana: mtu aliyezoea ngeli ndiye aliyezipanga ngeli za mawe haya. Nami naona alipanga vyema, kwa sababu alilinganisha makundi mazima, siyo mmea mmoja mmoja uliokaa chunguni.

*Yangu haina lebo. Nitajuaje ni nususpishi ipi?*

Kwa macho tu, usijaribu. Andika “Lithops karasmontana” uishie hapo. Kila kundi la porini alilolikagua, Cole alilipatia namba inayoanza na C, na namba hiyo inakuonyesha mmea ulitoka wapi. Ikishapotea, hakuna rangi ya jani itakayoirudisha. Tafadhali msitupe vibandiko!

*Majani yamenywea na kukunjamana. Ni ugonjwa?*

Chungulia kwenye ule ufa wa katikati ya majani mawili. Ukiona ncha za majani mapya mawili, mmea uko salama: yananyonya maji ya yale ya zamani. Usimwagilie mpaka ya zamani yakauke kama karatasi. Wala usipige picha za kulinganisha rangi sasa. Subiri majani mapya yajae.