Rekodi husika au rekodi zinazohusiana?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo, Morogoro. Daftari letu la kompyuta lilikuwa kwenye programu ya Access, sasa tunakwenda nyingine, MySQL, nami nimepewa kazi ya kuwaandikia wenzangu mwongozo kwa Kiswahili. Niliandika: "Hamisha rekodi husika kwenye Access." Mmoja kaleta majina ya wanachama bila mikopo yao, akasema ndivyo nilivyoagiza. Mwingine kauliza kama anatakiwa kutoa au kuingiza. Nimekosea wapi? Na je, kwa kile Waingereza wanachokiita database, tuseme hifadhidata au kanzidata?

JIBU: Marahaba. Wenzako wote wawili wamesoma sawasawa. Kilichowapoteza ni mikia ya vitenzi vyako.

Tuanze na "husika". Kitenzi ni husu, kikaongezwa -ik-. Kitu husika ni kile ambacho jambo linakigusa: afisa husika, wizara husika, fomu husika. Hapo hapajasemwa lolote kuhusu vitu kushikamana vyenyewe kwa vyenyewe. "Husiana" ina -an- ya kutendana, ile ya pendana na saidiana, na mtu hapendani peke yake. Lazima wawepo wawili au zaidi. Mwanachama namba 47, mikopo yake 2 na marejesho yake 19 ni rekodi zinazohusiana. Ukisema "rekodi husika", msomaji ana haki ya kuchukua ile 1 ya mwanachama na kwenda zake. Jaribu kinyume chake uone: "mpeleke kwa afisa anayehusiana". Sikio linakataa, linauliza anahusiana na nani.

Kosa la pili ni dogo kwa macho ila lina hatari zaidi. "Hamisha rekodi kwenye Access": ziingie au zitoke? Kiswahili hakiweki mwelekeo katika neno la mahali. Tunasema natoka sokoni, nakwenda sokoni, nimelala sokoni. Sokoni ni ileile, kitenzi ndicho kinachotuambia mtu anaelekea wapi. "Kwenye" ni hivyohivyo. Na "hamisha" peke yake inasema kitu kiondoke kilipo, haisemi kiende wapi. Iongezee -i- ya kutendea: hamishia. "Hamishia MySQL rekodi za wanachama" haina njia mbili za kusomwa. Ukitaka kutaja pande zote mbili, andika "kutoka Access kwenda MySQL", wala usione haya kurudia maneno hayo kila ukurasa. Mwongozo si shairi.

Hapo nina neno jingine, hukuliuliza. Kweli mnahamisha? Aliyehama nyumba ameiacha tupu. Katika kazi yenu, naamini (na kama sivyo, simamisheni kazi leo) faili la Access linabaki palepale mpaka mhakikishe kila shilingi imefika. Basi kinachofanyika kwanza ni kunakili. Ajabu ni kwamba katika Kiarabu, neno hilo lilikotoka, asili yake hubeba maana zote mbili, kuchukua kitu mahali kukipeleka kwingine na kuandika mfano wake. Sisi tulichukua ile ya pili tukaiacha ya kwanza. Anayehama ni chama chenu, si rekodi. Kichwa cha mwongozo kiwe "Kuhamia MySQL", na ndani yake mwambie mtu anakili.

Sasa kwenye uhusiano wenyewe. Wataalamu huita rekodi ya mwanachama "mama" na za mikopo "watoto". Picha hiyo inatufaa, maana inazaa neno zuri kuliko yote katika fani hii: rekodi yatima, yaani mkopo ulioingia kwenye programu mpya ilhali mwenye mkopo hayumo. Ndiyo sababu ya kuanza na jedwali la wanachama, kisha mikopo, kisha marejesho. MySQL ikiwa imewekewa sharti la kulinda uhusiano, itaukataa mkopo usio na mama. Isipowekewa, itaupokea kimya, nanyi mtagundua siku ya kufunga hesabu.

Lakini yatima ana nafuu, kwa sababu anaonekana. Kibaya zaidi ni mtoto aliyebadilishwa wodini. Access ikihesabu namba yenyewe, namba ya mwanachama aliyefutwa kwa kawaida hairudi kutumika, kwa hiyo mnarukaruka: 44, 46, 47. Mkiiachia programu mpya ihesabu upya, 47 anaweza kuwa 46, wakati mikopo yake bado imeandikwa 47. Deni linahamia kwa jirani! Namba za zamani ziingizwe kama zilivyo. Na mkipitia faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, angalieni namba zinazoanza na sifuri, za simu hasa. Zikisomwa kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele inapotea.

Upatanisho: "rekodi yatima zimebaki", si "wamebaki". Neno kuu ni rekodi, hata kama neno linaloifuata ni la kibinadamu.

Ile namba ya mwanachama iliyoandikwa kwenye jedwali la mikopo wengi huiita "ufunguo wa kigeni". Silipendi. Namba hiyo ni mkazi halali wa jedwali la mikopo, kazi yake ni kuelekeza kidole kwenye jedwali jingine. "Namba rejea" ingetosha.

Wapo watakaokukosoa ukisema "mahusiano", wadai ni "uhusiano" tu. Kwa majedwali unahitaji kuhesabu, na "mahusiano mawili" yanasikika vizuri, yatumie. Ila usidhani aina hii ya hifadhidata, ambayo Waingereza huiita "relational", yaani ya mahusiano, ilipata jina lake kwa sababu ya kamba hizo kati ya majedwali. Mwingereza Edgar Codd, alipoieleza mwaka 1970 akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM huko Marekani, alichukua neno la hisabati ambalo linamaanisha jedwali lenyewe, yaani seti ya safu mlalo zenye thamani zinazokwenda pamoja. Hata mngekuwa na jedwali 1 tu, jina lingebaki lilelile.

Kanzidata au hifadhidata? Kanzi ni hazina, hifadhi inajieleza. Yote mawili ni mazuri, chagua moja usichanganye katika mwongozo mmoja. Ila kwa mhasibu anayefungua kompyuta asubuhi, mimi ningeanza na neno lako mwenyewe. Umeandika "daftari letu la kompyuta" na nimekuelewa mara moja.